Kula kwanza

Saa sita kasoro usiku, Alhamisi, na ile Jumapili bado haijaisha kichwani mwangu.

Wiki hii wifi kajifungua salama (mtoto wa kiume, asanteni wote kwa dua), mwenye fremu kapandisha kodi, na mama katolewa bandeji ya jicho na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila kuniita. Kila kimoja kati ya hivyo kilistahili kuandikiwa peke yake. Lakini kila nikishika simu niandike, mawazo yanarudi kwenye lile sinia la wali, sebuleni kwa shangazi, na kwenye maneno yangu mawili.

Kula kwanza.

Mlioko hapa siku nyingi mnamjua Kitinda, mtoto wa mwisho wa dada, yule aliyenivunjia kioo cha kabati la vitambaa kwa mpira wa tenisi. Sasa ana miaka kumi na saba na mpira anaorusha si wa tenisi tena. Jumamosi na Jumapili anatoka Mbagala alfajiri, begi refu begani, kwenda kufanya mazoezi ya kriketi na mabinti wenzake. Kwenye daladala makondakta humuuliza kama lile ni gitaa. Nia yake ni moja, kuvaa jezi ya timu ya taifa ya wanawake, na sijawahi kumsikia akiisema kwa sauti ya kubahatisha.

Jumapili ilikuwa hitima ya babu. Kitinda alitoka mazoezini moja kwa moja, suruali nyeupe imeshika vumbi jekundu magotini, akajifunga kanga juu yake, akaamkia wakubwa mmoja mmoja, akakaa kwenye jamvi pembeni yangu. Sinia likaletwa. Tulikuwa sita. Shangazi, ambaye ndiye aliyetulea baba alipoondoka, alimwangalia magoti yake, akauliza:

"Mjukuu wangu, huo mchezo wenu wa vijiti, mnafungana magoli mangapi?"

"Bibi, kriketi haina goli."

"Haina goli?"

"Haina."

"Sasa kama hakuna goli, mnajuaje nani kashinda?"

Watu wakacheka. Mama mmoja wa upande wa pili akadakia, "Mchezo wa Wahindi huo, wanajua wenyewe," vicheko vikaongezeka. Kitinda alikuwa ameshika tonge, halijafika mdomoni. Akafungua mdomo aseme, halafu akanigeukia mimi. Mimi ninayempelekea chakula uwanjani Gymkhana. Mimi ninayejua ova ina mipira sita na mechi ina ova ishirini kila upande. Aliniangalia kama mtu anayeomba apishwe njia.

Nikasema, "Kula kwanza, wali unapoa."

Wali haukuwa unapoa. Ulikuwa unafuka moshi, ndio kwanza umepakuliwa. Kitinda akala tonge lile na jingine moja, akaenda kunawa.

Nimeipitia sekunde ile tangu Jumapili mpaka leo, mbele na nyuma, kama mtu aliyepoteza sindano kwenye zulia. Kwa nini niliyasema yale? Nilijiambia nimemkinga mtoto. Nilijiambia pale ni hitimani, si mahali pa mabishano, na kwetu mtoto habishani na bibi yake mbele ya watu. Vyote vya kweli. Lakini shangazi hakuwa amebishana na mtu. Aliuliza.

Jumatatu yote nilikuwa namjibu. Nashona sare za shule, mguu kwenye cherehani, na mdomo unakwenda. Mteja mmoja aliniuliza naongea na nani.

Nilimwambia shangazi, hapo nikiwa peke yangu na marinda thelathini na mbili ya kupiga pasi, kwamba kuna mikimbio, na anayekusanya mikimbio mingi ndiye mshindi. Nikamwambia mabinti zetu Juni 2019 walikwenda Kigali, kwenye yale mashindano ya Kwibuka yanayofanyika kila mwaka kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari, na pale uwanja wa Gahanga siku moja walipiga mikimbio 285 na mpigaji mmoja tu akatolewa. Mali walipoingia kupiga wote walitolewa kwa mikimbio 17. Kombe likaja Tanzania, wenyeji wakibaki wa pili. 2022 wakarudi kulekule, wakawapita Kenya fainali, wakalichukua tena. Katikati ya hapo, 2021, Gaborone, Fatuma Kibasu alisimama akawapiga Eswatini mikimbio 127 peke yake bila kutolewa. Mtu mmoja! Nilimwona baba mwenye duka la vitambaa akinishangaa, lakini siwezi kuitaja ile 127 kwa kunong'ona.

Na kuhusu Wahindi, nilikuwa nalo jibu pia. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, kulikuwa na timu ya Afrika Mashariki iliyochanganya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na wengi wao walikuwa ndugu zetu wenye asili ya Asia, wa hapahapa. Ni kweli wao ndio walioutunza mchezo huu mjini kwetu, na nawashukuru, kwa sababu bila viwanja vyao Kitinda asingekuwa na pa kusimama. Lakini Kombe la Dunia la wanawake lilianza 1973. Wanawake walitangulia kwa miaka miwili. Ningependa yule mama wa upande wa pili aisikie hiyo.

Kuna moja sikulitamka hata peke yangu, kwa kuwa bado linauma nyumbani kwetu. Septemba 2022, mabinti wetu wa chini ya miaka 19 walifika fainali ya kufuzu Afrika, Botswana. Nafasi ilikuwa moja. Rwanda wakatufunga, wakaenda Kombe la Dunia Afrika Kusini Januari 2023, na huko wakawapiga Zimbabwe, kisha West Indies. West Indies! Kitinda alikuwa mdogo bado, alizisikiliza habari zile akiwa amekaa chini ya meza yangu ya kukatia. Hakuwaonea wivu. Alisema tu, "Mama mdogo, wale ndio tuliocheza nao fainali." Alisema "tulio", na hakuwepo. Nadhani siku ile ndiyo aliyoamua.

Jumanne jioni akaja fremuni na mfuko wa Rambo uliojaa suruali. Suruali za mazoezi, za msaada, zimekatwa kwa maumbo ya wanaume: kiuno kipana, miguu mirefu, na kwenye nyonga zinabana hata mtu hawezi kuchuchumaa. Na kriketi ni mchezo wa kuchuchumaa. Kumi na moja. Nilizifumua kiunoni moja baada ya nyingine, nikaweka lastiki, nikapachika kipande pembeni kwenye nyonga, kitambaa kilekile nilichokikata kwenye urefu wa miguu, kwa hiyo hakikupotea kitu. Yeye alikuwa ananikatia nyuzi. Hatukuongea sana.

Akatoa mpira begini akauweka mezani ili usimsumbue. Sikuwahi kuushika kwa utulivu. Mwekundu, umechakaa upande mmoja na upande mwingine unang'aa kama kiatu cha askari, kwa kuwa wanausugua kwenye suruali makusudi (ndiyo maana suruali zote zina doa jekundu pajani, doa ambalo kwa miezi nimekuwa nikilifua kwa hasira). Unaingia kiganjani vizuri. Wa wanawake ni mwepesi kidogo kuliko wa wanaume, gramu 140 na kitu, lakini ni mgumu kama jiwe la mtoni. Nikauzungusha kwenye taa niuone mshono. Safu sita za uzi mweupe, tatu huku na tatu huku, zimepita katikati bila pindo hata moja kwenda upande. Nina miaka kumi na tisa kwenye cherehani na nakwambieni, aliyeushona ule mpira anajua kazi. Nikamwonyesha Kitinda jinsi uzi unavyoingia na kutoka. Akanionyesha jinsi vidole viwili vinavyokaa juu ya mshono ili mpira ukitua chini ugeuke.

Hapo ndipo aliposema.

"Mama mdogo, Jumapili ulinikatiza."

"Nilikuwa nakukinga."

"Na nini? Bibi aliuliza swali."

Nikanyamaza.

"Nilikuwa nalo jibu," akasema. "Nimelifikiria siku nyingi, kwenye daladala. Nilikuwa nasubiri tu mtu aniulize vizuri, na Bibi aliniuliza vizuri."

Hakusema kwa ukali. Alisema akiwa ameinama, anakata uzi, na mkasi wake haukusimama. Nikamuuliza jibu lenyewe ni lipi. Akasema, "Nitampa mwenyewe."

Usiku ule sikulala vizuri hata kidogo.

Jana nilikuwa na dera la shangazi la kumpelekea, nikampitia Kitinda. Tulimkuta barazani anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, habari za mama, jicho linaendeleaje. Nikakaa kimya, na namshukuru Mungu kwa kunipa kukaa kimya jana, kwa sababu Kitinda alichukua ungo wa pili, akachambua naye kidogo, halafu akauliza:

"Bibi, wewe ulicheza rede?"

Shangazi akaacha mchele. "Rede? Mimi?" Akanigeukia kana kwamba nilikuwepo. "Mimi nilikuwa sipigiki! Muulize mtu yeyote wa Mtoni wa enzi zile. Wawili wanarusha mpira wanilenge, huyu huku, huyu kule, mimi kati nakwepa, na chupa naijaza mchanga mpaka wanalia."

"Sasa kriketi ndiyo hiyo, Bibi."

Kitinda akatoka kwenda uani. Akachomeka vijiti vitatu, mwiko na upawa na ufagio, kwenye udongo laini chini ya kamba ya nguo, akaanza kueleza. Mrushaji halengi mwili wako, analenga vijiti vilivyo nyuma yako. Wewe una gongo la kuvilinda. Ukiupiga mpira ukaenda mbali, wakati wao wanaukimbilia, wewe unakimbia upande wa pili, na kila ukifika ni mkimbio mmoja. Mpira ukigusa mpaka ni minne, ukiruka mpaka bila kugusa chini ni sita. Vijiti vikianguka, umetoka, anaingia mwenzako. Upande wenu ukimaliza, wale waliokuwa wanarusha wanaingia kati, wanajaribu kuipita hesabu yenu.

Shangazi alifuatilia kwa macho, akatazama ufagio, akatazama kamba.

"Kumbe mnajaza chupa," akasema.

"Tunajaza chupa, Bibi."

"Na mwenye mchanga mwingi ndiye kashinda."

"Ndiye huyo."

Mimi nilikuwa na 285, na 127, na 1973, nimezipanga Jumatatu nzima. Mtoto alikuwa na rede. Na rede ilikuwa pale wakati wote, mimi mwenyewe nimeicheza mpaka nikavuja damu goti, na haikunijia.

Shangazi akasimama. Ana sabini na ngapi, hatuulizi. Akalishika gongo kama anavyoshika mwiko wa ugali, mikono miwili, akasema, "Nirushie." Kitinda alichukua ndimu kwenye kapu. Akaitupa polepole sana, kutoka chini. Shangazi akaipiga ikagonga mlango wa choo cha jirani, mbwa akaanza kubweka, na mtu ndani akauliza nani huyo. Tukaingia ndani mbio wote watatu. Sikumbuki lini nilicheka vile.

Baadaye, kwenye chai, ndipo nilipomweleza zile hesabu zangu, na akazipokea vizuri, akauliza 127 ni za nani, akarudia jina lake, Fatuma Kibasu. Nilipofika kwa Mali na ile 17 nilidhani atacheka. Hakucheka. Alizungusha kikombe.

"Maskini, watoto wa watu," akasema. "Kusafiri kote kule."

Nami niliingia aibu nyingine ndogo, kwa kuwa Jumatatu ile 17 niliitaja kwa kiburi. Zamani mechi kama ile isingeandikwa popote. Tangu Julai 2018 kila nchi mwanachama wa kriketi ya dunia, hata iliyoanza majuzi, wanawake wake wakicheza na wenzao mechi ya ova ishirini inahesabiwa kuwa mechi kamili ya kimataifa. Ndiyo maana mabinti zetu wana rekodi. Na ndiyo maana wale wa Mali nao wana yao, iliyoandikwa, haifutiki. Sijui kwa nini sikuwahi kuifikiria kutoka upande wao mpaka shangazi alipozungusha kikombe.

Tulipoaga, shangazi alimshika Kitinda mkono akamuuliza atacheza lini ili aje kuangalia, na je, kuna kivuli. Kitinda akasema ipo miti. Shangazi akasema, "Basi niletee mkeka." Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema, "Na wewe siku nyingine muache mtoto aseme. Wali unapashwa."

Kwa hiyo alijua. Tangu Jumapili alijua.

Suruali kumi na moja zimekwisha, zimepigwa pasi, ziko kwenye kiti hapa mbele yangu. Ya Kitinda nimeiwekea pindo la ziada chini, bado anarefuka.

Mvua imeanza tena. Mwembe wa jirani, ule ulioinama kuelekea nguzo ya umeme, tangu jana umezidi kuinama, na mizizi upande wa ukuta wetu imeanza kuonekana. Mwenye nyumba anasafiri Jumamosi. Inabidi nimpate kesho asubuhi kabla hajatoka, na simu yake tangu jioni haipatikani.