Nilivyoielewa akaunti kwenye kaunta buku ya shangazi

Niliingia chuo mwaka 2017 kusoma digrii ya uhasibu nikiwa sijui debiti inakaa kulia wala kushoto. Advansi nilisoma HGE, historia jiografia na uchumi, na sekondari niliyotoka hatukuwahi kuwa na mwalimu wa akaunti, niliijaza tu kwenye maombi kwa sababu kaka yangu aliniambia mhasibu hakosi kazi (hilo tuliache kwanza). Darasani nikakuta wenzangu kibao wametoka ECA, yaani uchumi, komesi na akaunti, wameanza kuandika leja (daftari kuu la akaunti) toka sekondari, lekchara akisema "hii mnaijua" anaruka kurasa tatu, wao wanatikisa kichwa na mimi natikisa pia ili nisionekane.

Semista ya kwanza nikafanya kile kila mtu anafanya, nikatafuta madesa, yaani maswali na notisi za waliotutangulia. Nikaenda steshenari nikatoa kopi maswali ya miaka mitano nyuma na majibu yake, usiku nakaa kimbweta na kalamu ya njano napiga msuli kama nilivyokuwa napiga kwenye historia. Shida ni kwamba swali la akaunti likiwa limeshajibiwa linaonekana rahisi sana, unafuata namba kwa macho unasema ndio ndio ndio, unafunga, unalala umeridhika. Kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, likaja swali la urari (ile orodha ya salio zote ambayo debiti na krediti zinatakiwa zilingane) wenye marekebisho saba chini yake, kodi iliyolipwa kabla, umeme ambao haujalipwa, deni la mteja aliyekimbia, uchakavu wa gari, nikaganda. Kwetu kozi weki, zile testi na kazi za semista, ni 40 na UE 60, nilikuwa na 19 ya kozi weki na jumla ikaja 33. Sapu, mtihani wa marudio. Na sapu chuoni kwetu hata ukipata 90 unaandikiwa C tu, kwaiyo nikajua GPA imeshachubuka.

Sapu zinafanyika Septemba, na hosteli sikuwa nayo, boom lenyewe, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, enzi zetu ilikuwa 8,500 kwa siku, ukilipwa siku 60 ni 510,000, ukitoa geto na nauli unabaki unahesabu vitumbua. Kwaiyo nikahamia kwa shangazi Tandika, Dar. Shangazi anauza dagaa wa Mwanza na maharage pale sokoni, na malipo ya kukaa kwake ilikuwa nimsaidie jioni na Jumamosi. Alikuwa na kaunta buku moja imejaa mafuta ya taa na majina ya watu, mama chapati 12,000, baba Zuhura 8,500, yule mrefu 5,000. Siku moja akaniambia, "We mwanangu si unasomea mahesabu, hebu niambie hapa napata au nakula mtaji." Nikaona aibu kumwambia nimefeli hayohayo mahesabu.

Nikanunua kaunta buku mpya kwaya nne nikaanza.

Cha kwanza kilichonisumbua ni debiti na krediti, zile pande mbili za kila akaunti, kwa sababu nilikuwa nakariri kwa herufi za Kiingereza na kwenye mtihani zinanipotea. Nikasema nitengeneze za Kiswahili, nikaandika: mali, matumizi, madeni, mapato, mtaji. Zote M! Nilicheka peke yangu pale mezani mpaka mteja akaniuliza vipi. Ikabidi niache herufi nitumie kichwa, nikawa najiuliza swali moja tu kwa kila shilingi, imetoka wapi na imeenda wapi. Kule ilikoenda ni debiti, kule ilikotoka ni krediti. Shangazi kanunua maharage kwa hela taslimu, imeenda kwenye maharage, imetoka kwenye boksi. Kachukua mzigo kwa mkopo kwa tajiri wake wa Mwanza, imeenda kwenye dagaa, imetoka kwa tajiri, kwaiyo tajiri ana krediti kwetu, ndo maana anatudai. Basi. Wiki mbili hivi mkono ukazoea.

Alafu kuna hili la benki ambalo najua linawachanganya wengi. Darasani hela ikiingia unaidebiti, ila ukiangalia taarifa yako ya benki hela ikiingia wanaandika krediti, sasa nani muongo? Hakuna muongo, ile taarifa ni daftari la benki sio lako, na hela yako kwao ni deni wanalodaiwa na wewe. Mimi nililielewa siku mama chapati alipokuja na kidaftari chake kubishana, kwake ameandika anadaiwa 12,000 na kwetu imeandikwa tunamdai 12,000, ni 12,000 hiyohiyo ila kila mtu kaiandika kwa upande wake. Baadae tulipofika kwenye usuluhisho wa benki, kulinganisha daftari lako na la benki, nikaona ni ugomvi uleule wa mama chapati na shangazi, tofauti ni nani hajaandika nini mpaka sasa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nikapiga urari, haukubalansi, tofauti 3,600. Nilikaa nayo siku nzima. Jamaa mmoja wa ECA ndo akanipa ujanja ambao lekchara hakuwahi kuusema, kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki anza kutafuta tarakimu ulizozigeuza. 3,600 kwa 9 ni 400, nikarudi kwenye leja nikakuta 81,500 nimeihamisha kama 85,100. Na kama haigawanyiki kwa 9 igawanye kwa 2, alafu utafute hicho kiasi, yawezekana umekiweka upande usio wake. Sio dawa ya kila kosa ila imeniokoa kwenye mitihani mingi kuliko kitu chochote. Ila pia usidanganyike, urari ukibalansi haimaanishi uko salama, mwezi wa pili wangu ulibalansi vizuri kabisa kumbe mauzo ya Jumamosi moja nzima sikuyaandika popote, sio debiti sio krediti.

Maharage yakanifundisha stoku. Tulikuwa na gunia 3 za 180,000, bei ikapanda tukanunua 2 za 210,000, tukauza 4. Ukienda kwa kilichoingia kwanza kitoke kwanza, zile nne zimegharimu 750,000 na lililobaki ni la 210,000. Ukienda kwa wastani kila gunia ni 192,000, zilizouzwa 768,000. Faida inatofautiana 18,000 na maharage ni yaleyale! Shangazi alinitazama kama mwizi nilipomwambia. Nikamwambia ndo maana inabidi uchague njia moja ukae nayo. Na ile ya kilichoingia mwisho kitoke kwanza IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoku, inaikataa kabisa. Dagaa nao walikuwa somo, mvua ikanyesha mzigo mmoja ukashika unyevu, tulinunua kwa hela nyingi ila sasa hauuziki hata nusu yake, na hapo hapo kiwango kinasema stoku ibaki kwa gharama au kwa kile utakachokipata ukiuza ukishatoa gharama za kuuza, kilicho kidogo. Shangazi alikuwa bado anahesabu wale dagaa kwa bei aliyonunulia, binadamu wote tunafanya hivyo.

Lakini siku niliyoielewa akaunti ni siku ya mwezi wa tatu nilipomaliza hesabu nikamwambia kwa majivuno, shangazi umepata faida 640,000. Akanyamaza. Akafungua boksi akahesabu, hela zilikuwa zimeongezeka 85,000 tu toka mwezi ulivyoanza. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo faida imelala wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulala na lile swali, asubuhi nikakaa na kaunta buku nikaanza kuifuata. Anza na 640,000. Rudisha 12,000 za uchakavu wa mizani na friji kwa sababu zile sikumlipa mtu, ni karatasi tu. Toa 230,000, wateja wa mkopo waliongezeka kwa kiasi hicho, faida imeandikwa ila hela ziko kwa kina mama chapati. Toa 195,000, stoku imeongezeka, hela imegeuka magunia. Toa 180,000 alizochukua mwenyewe, ada ya mtoto wake Zawadi na mchango wa harusi. Ongeza 38,000 ambazo bado hatujamlipa tajiri. Inakuja 85,000 kamili. Nilirudia mara tatu nikihisi nimekosea maana haijawahi kunitokea namba kukaa hivyo. Nilimwonyesha shangazi mstari kwa mstari, akasema "kumbe faida yangu wanaikaanga watu chapati", na kesho yake akaanza kudai.

Na ile ndo taarifa ya mtiririko wa fedha, kiwango cha IAS 7, njia isiyo ya moja kwa moja (unaanza na faida unaifuata mpaka kwenye hela), ambayo kwenye madesa nilikuwa naiona kama dua ya mganga, ongeza hiki toa kile bila sababu. Septemba sapu ilikuja na swali lake, sikukumbuka muundo wa darasani hata kidogo, nikaiandika kama ninavyomweleza shangazi. Nikapata C yangu.

Toka hapo sheria yangu ikawa swali halisomwi, linafanywa, kwa kalamu, jibu likiwa limefunikwa, na nikikosea sifuti, naandika pembeni nimekosea wapi. Diskasheni nikapunguza watu tukabaki watatu, ile ya watu kumi ni kijiwe, tunaishia kuongelea mpira.

Madesa sikuyaacha yote ila yaliniuma tena mwaka wa pili. IFRS 16, kiwango kipya cha mikataba ya kukodi, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na madesa tuliyorithi yalikuwa ya IAS 17, kile cha zamani, ambayo upangaji wa kawaida unaandika kodi kama matumizi tu na kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni) haionekani. Kiwango kipya mpangaji anaandika haki ya kutumia kama mali na deni lake pia, ukiacha mikataba ya miezi 12 kushuka chini na vitu vya thamani ndogo. Robo ya darasa tulijibu testi kwa kiwango kilichokufa. Mkiambiwa angalieni mwaka wa desa, angalieni.

Kila kitu hakikuwa Tandika lakini, nisiwadanganye. Konsolidesheni, kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu zake, shangazi hakunisaidia, hana kampuni tanzu. Kodi nilisoma sheria kama mwanasheria, na ukaguzi ulikuja kunikolea fildi, mafunzo ya vitendo, wiki nane kwenye ofisi moja ya wakaguzi ambako kazi yangu ilikuwa kulinganisha vocha na risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), maboksi na maboksi, kuona asilimia 18 ya VAT imekatwa kwenye kinachostahili. Inachosha ila ukikuta risiti moja imelipiwa mara mbili, yaani unasimama.

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa korona tukiwa mwaka wa tatu, nikarudi sokoni mpaka tuliporudishwa Juni 1, na miezi ile miwili mauzo yalishuka nikajifunza kuandika madeni yasiyolipika kwa uchungu, yule mrefu hakuonekana tena na 5,000 yake. Niliifuta. Nilimaliza na GPA ya 3.6, ile sapu ikiwa imekaa palepale kwenye matokeo.

Sasa ivi nafanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ile ya Mei na Novemba, huku nimeajiriwa. Kaunta buku ya tano iko kwa shangazi, anaiandika Zawadi ambaye yuko fomu three na amechagua komesi. Juzi alinipigia saa tano usiku, urari umegoma, tofauti 27,000. Nikamwambia gawanya kwa 9.