Kofia ya Msumari

Barua ya bima imefika leo. Nimeisomea sebuleni, na juu yangu turubai la buluu likipigapiga kwa upepo. Wiki ya tano hii.

Usiku ule wa kusi tulisikia mlio kama kopo kubwa linafunguliwa, kisha mabati manne ya upande wa baharini yakang'oka. Moja tuliliokota kwenye mwembe wa jirani. La nne hatujui liliangukia wapi katika Kisauni hii. Mama alikinga masufuria, mabeseni, hata sinia la pilau, huku akiniuliza ile bima inayolipwa kila mwaka kwa sababu ya mkopo wa benki ni ya kazi gani. Kusema kweli nilikuwa nimeisahau. Huku kwetu bima ni ya gari.

Kulipokucha fundi alishaleta ngazi, lakini ajenti wa bima akanizuia kwa simu: "Dada, funika maji yasizidi kuharibu, ila usitengeneze kabla hapajakaguliwa. Piga picha, na risiti ya turubai uiweke." Nikapiga picha hadi simu ikajaa, lile bati la mwembeni likiwemo.

Mkadiriaji hasara alikuja siku ya tisa, kijana mpole. Alipanda mwenyewe, akashuka na msumari, akaniwekea kiganjani. Kofia haipo, mwili umekonda kama njiti ya kibiriti. Kwenye bati lililobaki, tundu lake lilipitisha kidole, kingo nyekundu zikimomonyoka. "Huu ni upepo, dada, au ni chumvi?" Nikasema upepo. Nilijua anachouliza: bima hulipa dhoruba, hailipi kuchakaa. Nilijua pia kwamba fundi aliniambia mwaka juzi tubadilishe misumari, nami nikadhani anajitafutia kazi.

Kwenye barua, kutu wameisamehe. Walikonishika ni kwingine. Nyumba tuliikatia bima ya milioni 3, bei ya enzi zile, na kuijenga upya leo wanakadiria milioni 4. Yaani tulikatia robo tatu ya thamani, kwa hiyo hasara ya shilingi 160,000 nayo wanalipa robo tatu tu, 120,000, kisha wanatoa na 10,000 ambazo ni juu yangu kwa kila dai. Nikapandwa na hasira, nikaitoa hati kabatini ili niwaumbue. Kipengele kipo, na chini yake sahihi yangu, nzuri kabisa. Kaka anataka nilalamike kwa mamlaka ya bima. Nilalamikie nini? Hesabu imekaa sawa. Ila dari ya chumba cha Mama wameiacha nje, na picha yake ninayo. Hiyo nitawaandikia kesho.

Jioni nimempigia fundi.

"Tubadilishe misumari ya upande ule, au paa zima?"

"Zima," nikamjibu.

Akanyamaza kidogo, kwa adabu. "Haya, dada. Jumamosi."