Kadi ya Kupimwa Afya

Mwaka 2018 kiwanda cha minofu nilichokuwa nafanya kibarua hapa Mwanza kilisema hakitujui. Hakikusema tumekosa, wala hakikusema tumeshalipwa. Hakitujui. Majibu yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, yalikuwa kwamba sisi ni watu wa wakala, na wakala mwenyewe alishafunga ofisi, simu haipatikani.

Kazi yetu ilikuwa kusafisha minofu ya sangara kwa kisu, na zamu ikiisha tunaosha chumba kizima. Mle ndani kila kitu kinapita kwenye klorini: meza, visu, gambuti, mikono. Hilo silalamikii. Minofu inakwenda Ulaya, na wenye viwanda wanaikumbuka miaka ya 1997 hadi 1999, Umoja wa Ulaya ulipokuwa ukifungia samaki wa ziwa hili. Ninacholalamikia ni usiku mmoja, kijana mgeni asiyeelekezwa na mtu alipomimina sabuni ya asidi kwenye ndoo yenye unga wa klorini. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Chini ndiko tulikokuwa sisi wanawake, tumeinama tunasugua mifereji. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi anabadilisha taa aliondoka na kikohozi kidogo. Sisi macho yaliwaka, kifua kikabana kama kimefungwa kamba. Tukakimbilia mlango, tukaukuta umefungwa kwa nje. Ulikuwa unafungwa kila usiku tusije tukatoka na minofu kwenye aproni.

Walioendelea kukohoa wiki iliyofuata waliambiwa wasije tena, kwa sababu mtu anayekohoa ni hatari kwa chakula.

Aliyetushika mkono ni dada mmoja msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Alitufuata mtaani kwetu Igogo nyumba kwa nyumba, anapanda mawe na viatu vyake vya ofisini, anajaza fomu huku akihesabu tarehe: anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume. Tulimwona ana haraka ya bure. Siku ya usuluhishi, tukiwa kwenye benchi tunasubiri kuitwa, ndipo alipotusimulia habari za wanawake wa Marekani waliokuwa wanapaka rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Waliambiwa haina madhara, huku wakemia wa kiwanda wakijikinga. Mifupa ya taya ikaoza. Mmoja wao, Grace Fryer wa New Jersey, alihangaika miaka miwili kumpata wakili wa kuichukua kesi, na ilipofunguliwa mwaka 1927 kampuni ikajitetea kwamba wamechelewa, muda wa kisheria wa miaka miwili umeshapita. Sumu inajificha mwilini miaka, sheria inahesabu siku! Mwaka 1928 yeye na wenzake wanne walikubali kulipwa dola 10,000 kila mmoja, dola 600 kwa mwaka, na matibabu.

"Hao walikuwa na mishahara kwenye vitabu," akasema mama mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Mayu. "Sisi tuna nini?"

Swali hilo hilo ndilo alilouliza msuluhishi tulipoingia. Afisa wa kiwanda, kijana mpole, alimwamkia Mayu vizuri kabisa, "Shikamoo mama," kisha akageuka akasema hajawahi kumwona. Hatukuwa na mkataba. Malipo tulikuwa tunapewa mkononi, tunasaini daftari linalobaki kwao.

Mayu akafungua pindo la kanga. Mle mlikuwa na hela ya nauli na kadi ya kupimwa afya, imekunjwa mpaka imeanza kuchanika. Anayeshika chakula hupimwa kila baada ya miezi sita. Walitupeleka wenyewe, kwa gari lao, wakatupima choo na kifua ili tusimharibu sangara wa watu. Na kwenye kadi, mahali pa kuandika anakofanya kazi, liliandikwa jina la kiwanda. La wakala halikuwepo. Chini yake daktari alikuwa ameandika kwamba kifua ni kizima, tarehe ya miezi miwili kabla ya ule usiku.

Msuluhishi aliisoma, akamsogezea yule kijana. "Huyu bado humjui?"

Aliomba nafasi ya kupiga simu. Aliporudi walikuwa tayari kuzungumza. Sisi wengine tukakumbuka kadi zetu ziko wapi: juu ya kabati, kwenye Biblia, moja ilikuwa imewekwa chini ya mguu wa meza. Msuluhishi alitueleza kuwa mambo ya vifua yanakwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri wanauchangia tangu Julai 2015 na mfanyakazi hakatwi hata senti. Pale tutamalizana habari ya kuachishwa. Kiwanda kikakubali kulipa malimbikizo na notisi, na kuandika barua kwamba ajali ilitokea kwake.

Nilisaini. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba. Mayu alikataa, akasema barua haisemi lolote kuhusu mlango uliofungwa, na yeye bila mlango haendi popote. Kwenye daladala tuligombana vibaya. Nilimwambia anatuchelewesha, akaniambia mimi nina bei ndogo. Lakini shauri lake lilipofika hatua ya uamuzi alinitumia mtu nyumbani, nami nikaenda kuwa shahidi. Nilieleza komeo lilikuwa upande gani, nikamtaja kwa jina aliyekuwa anakaa na ufunguo.