Kisulisuli Tulichokiona kutoka Hamsini na Saba

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba watu huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Kwa dereva wa lori la viazi ni barabara ya kusali. Kwangu mimi ndiyo mahali bora kuliko pote ninapopajua katika Nyanda za Juu Kusini pa kuitazama mvua ya radi. Ukifika kona za juu, bonde lote la Usangu limelala chini yako, na wingu linalojijenga bondeni linakuwa mbele ya macho yako, si juu ya kichwa. Bonde liko karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Matamba inapita 2,000. Kitako cha wingu kikining'inia kilomita moja juu ya mashamba ya mpunga, aliyesimama kona za juu anakiangalia usawa kwa usawa.

Nalisema hili kwa sababu sisi watu wa Mbeya tumekulia ndani ya mvua za radi, lakini wengi wetu hatujawahi kuiona hata moja. Tunaisikia. Wingu likitanda, mama anafunika kioo, aliyevaa nguo nyekundu anaambiwa akavue, watoto wanaitwa ndani, bati linaanza kupigwa, basi. Ukiwa chini yake unaona maji tu. Umbo lake, urefu wake, upande linakovuta hewa na upande linakoitema, hayo anayaona aliye mbali.

Wakati ule nilikuwa fundi wa minara ya simu. Mnara husimikwa kilimani, na kilimani ndiko radi inakopenda kupiga, kwa hiyo pamoja na kukagua nyaya za ethi na kinga ya radi ilinibidi nijifunze kuyasoma mawingu, nijue saa ya kushuka. Nilianza kwa kujilinda. Kufika mwaka wa pili nilikuwa natumia siku zangu za mapumziko kuyafuata yale yale mawingu ambayo kazini nilikuwa nayakimbia. Nilipokuja kusoma habari za David Hoadley, kijana wa North Dakota huko Marekani aliyeanza kuzifukuzia dhoruba kwa gari mwaka 1956, nilifurahi sana. Nilijua kumbe sipo peke yangu.

Ila mbingu za kule si za kwetu. Oklahoma na Kansas upepo wa chini na upepo wa juu hutofautiana sana kwa kasi na mwelekeo, na tofauti hiyo hulifanya wingu zima lizunguke. Tonado kubwa, yaani visulisuli vikali vinavyounganisha wingu na ardhi, hutoka kwenye mawingu ya namna hiyo. Huku kwetu, karibu na ikweta, upepo wa juu kwa kawaida hauna nguvu ile. Tunapata radi nyingi, mvua ya mawe na, kwa nadra, kisulisuli kinachozaliwa ardhini. Pepo mbili zinakutana, hewa inaanza kujizungusha polepole pale zinapokutania, halafu juu yake linapita wingu linalokua kwa kasi. Wingu linaivuta ile hewa kwenda juu, na kadiri inavyorefuka na kuwa nyembamba ndivyo inavyozidi kuzunguka. Nilikuwa nimekitafuta hicho kwa misimu kadhaa, nikiishia kulowa.

Ilikuwa Desemba 2016, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Majaruba mengi ya Usangu yalikuwa bado makavu, njia za ng'ombe zimejaa vumbi. Asubuhi nilipita Igurusi nikaona moshi wa tanuri la matofali umelalia mashariki, wakati siku zote za wiki hiyo ulikuwa unalalia magharibi. Upepo wa magharibi huku una maana yake, maana huleta unyevu kutoka upande wa Kongo. Nikampigia mjomba wangu, dereva wa malori mstaafu aliyewahi kuzunguka kati ya Tunduma na Dar es Salaam maisha yake yote, na sasa amebaki na pikapu yake ya kubebea mbolea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unataka gari."

"Moshi umegeuka, mjomba."

"Njoo na mafuta," akasema, na simu ikakatika.

Saa saba mchana tulikuwa kona za juu, tumeegesha pale barabara ilipopanuka kidogo, matairi ya nyuma tumeyawekea mawe. Upande wa kusini, kuelekea Kitulo, ukungu. Upande wa bonde, jua kali, na mawingu madogo yamejipanga mstari mmoja ulionyooka kutoka upande wa Igawa kuja karibu na Chimala. Mstari ule ndio ulionipa moyo. Mawingu yakitawanyika ovyo yanaeleza joto tu. Yakijipanga hivi, chini yake pana pepo mbili zinasukumana.

Kufika saa nane moja kati ya yale mawingu lilikuwa limewapita wenzake. Halikwenda popote, lilikwenda juu tu, kilele chake cheupe kikibadilika kila ukitazama, na kitako kikawa bapa na cheusi. Mjomba, ambaye huwa ananisindikiza kwa mapenzi tu na si kwa wingu, alizima redio mwenyewe. Radi ya kwanza ilimulika ndani ya wingu bila sauti. Nilihesabu sekunde nikisubiri mngurumo hadi nikachoka. Ya nne au ya tano ndiyo iliyofuatiwa na mngurumo hafifu. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kusafiri kilomita moja, kwa hiyo kuhesabu kwangu si mchezo, ndiyo rula yangu. Hesabu ikishuka hadi sekunde 30, wingu liko kilomita 10, na hapo sisimami nje tena hata kama juu yangu pana jua, kwa sababu radi inaweza kutoka ubavuni mwa wingu ikapiga mahali ambapo mvua haijafika. Ndani ya gari la bati, vioo vimefungwa, umeme hupita kwenye mwili wa gari ukaenda ardhini. Pikipiki haina bati hilo, na ndiyo maana sijawahi kuifukuzia radi kwa bodaboda, hata nilipokuwa sina nauli ya kingine.

"Sasa mpwa," mjomba akasema, "hilo jambo lako likitokea litatokea kule chini. Kwa nini hatuteremki tukawa karibu?"

Nilimweleza habari za Tim Samaras, mtafiti wa tonado wa Marekani. Samaras ndiye aliyetega chombo chake ardhini mbele ya tonado huko Manchester, South Dakota, Juni 2003, kikapima shinikizo la hewa likishuka milibari 100. Wenzake walimjua kwa uangalifu wake. Mei 31, 2013, huko El Reno, Oklahoma, tonado ilitanuka ghafla hadi upana wa zaidi ya kilomita 4 ikabadili mwelekeo, ikamuua yeye, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young wakiwa ndani ya gari. Mjomba alikaa kimya akiangalia usukani. Amezika madereva wenzake wengi kwenye miteremko ya barabara kuu.

"Alikuwa mwangalifu na bado?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi tukae hapa hapa."

Kisulisuli hakikuanzia kwenye wingu. Nilichokiona kwanza ni duara la vumbi jekundu shambani, mbele ya pazia la mvua, dogo mno kiasi kwamba nilidhani ni ng'ombe wanaokimbizwa. Halikuhama kama vumbi la ng'ombe linavyohama. Lilijizungusha papo hapo, likainuka, likanyooka. Nikatazama juu yake: kwenye kitako cheusi cha wingu palikuwa pametoka ncha fupi ya kijivu, haikuwepo dakika moja nyuma. Kati ya ncha na vumbi hapakuonekana kitu, halafu pakaonekana, uzi mwembamba wa vumbi ukipanda hadi ukaishika ile ncha. Wingu na ardhi ya Usangu vilikuwa vimeungana.

Nilikuwa nimeshika simu narekodi na mkono ulikuwa unatetemeka. Sikulia, lakini koo lilinibana. Nilikuwa nimesoma maelezo ya kitu hiki mara nyingi, najua kila hatua yake, na bado kukiona kikifuata hatua zile moja baada ya nyingine, kwenye bonde ninalolijua kwa majina ya vijiji vyake, kulinizidi nguvu.

Nyuma yetu palikuwa pamesimama lori la mbao na bodaboda iliyombeba bibi mmoja na gunia lake. Utingo wa lori aliruka chini akiwa pekupeku. Bibi alishuka taratibu, akaweka kiganja juu ya macho.

"Anahama," akasema.

"Nani, bibi?" utingo akauliza.

"Nyoka wa bwawa. Mvua ikija anahama."

Hakuna aliyembishia, nami sikuona sababu ya kumbishia. Tulikuwa watu sita au saba kwenye ukingo ule, kila mmoja anaangalia kitu kile kile, na mimi nakumbuka zaidi ya yote kwamba hakikuwa na sauti. Kilizunguka kule chini kimyakimya, kikapita jaruba hadi jaruba, kikajipinda katikati, kikaanza kukonda. Ngurumo zilikuwa zinatoka kwenye wingu, chenyewe hakikutoa chochote kilichofika kwetu.

Kilipokatika, pazia la mvua lilikuwa limeshafika kwenye miguu ya mlima. Upepo wa baridi ulipanda mteremko ghafla, na harufu ya vumbi lililolowa, nikahesabu kati ya radi na ngurumo sekunde 12 tu. Nikapiga kelele watu waingie kwenye magari. Bibi aliingia kwetu pamoja na gunia lake na dereva wa bodaboda, tukabanana mbele wanne. Mvua ya mawe ilitupiga kiasi kwamba tulikuwa tunaongea kwa ishara. Bibi alilishika gunia lake muda wote na hakuonyesha wasiwasi wowote. Ilipopungua, tulisubiri maji yapungue barabarani ndipo mjomba akakubali kuteremka.

Kufika Chimala tulikata kuelekea bondeni. Sikuwa na amani. Nilikuwa nimeona kile kisulisuli kikipita karibu na miti iliyopandwa, na miti iliyopandwa ina mwenye kuipanda.

Kitongoji tulichokikuta kilikuwa na nyumba chache. Mbili hazikuguswa kabisa, nguo bado ziko kwenye kamba. Ya tatu ilikuwa imebaki kuta. Bati zilikuwa shambani, moja imekunjwa kwenye tawi la mwembe uliovunjika. Ted Fujita, aliyetoa kipimo chake cha tonado mwaka 1971, alikadiria nguvu ya upepo kwa kuangalia kilichovunjika na jinsi kilivyovunjika. Nikijaribu kufuata njia yake, matawi yaliyokatika na paa lililong'oka juu ya kuta zilizobaki wima vilinionyesha daraja za chini kabisa za kipimo hicho. Mwenye nyumba hakuhitaji daraja. Alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, watoto wawili wamemshika kanga.

"Pole sana mama."

"Asante wanangu, tumeshapoa. Tuko hai."

Mumewe alikuwa amekwenda Igurusi. Yeye alikuwa jikoni, akasikia kitu, akawavuta watoto akawalalia kwenye pembe ya ukuta.

"Ulisikia nini?"

"Mashine ya kukoboa. Mashine ya kukoboa mpunga imewashwa humo humo ndani. Halafu mwanga ukaingia, nikaona paa halipo. Kitu chenyewe sikukiona. Vumbi tu."

Mjomba aliniangalia. Nilisita, maana sikujua kama ni heshima kumwonyesha mtu huzuni yake kwenye kioo cha simu. Lakini nilimwambia kweli: tulikuwa mlimani, tulikiona, ninacho hapa. Akanyoosha mkono.

Alitazama mara ya kwanza bila neno. Mara ya pili akaniambia nirudishe nyuma. "Hapo. Simamisha. Ule si mwembe wetu?" Sikuwa nimeujua mwembe wowote, kwangu palikuwa na doa la kijani. Yeye alinionyesha kila kitu: mfereji, jaruba la shemeji yake, zizi, na mahali nyumba yake ilipokuwa, vumbi likiikaribia na kuifunika. "Mmekiona chote," akasema. Hakusema kwa lawama. Alirudia tena: "Nyie mmekiona chote." Kisha akaita watoto waje nao waone, na nilimweleza jinsi kinavyoanzia chini, pepo mbili, wingu linavyovuta. Aliuliza maswali ambayo sijaulizwa na mtu kabla wala baada yake. Alitaka kujua kama ile baridi aliyoisikia miguuni asubuhi mlangoni ilikuwa ndio upepo mmojawapo. Nadhani ilikuwa ndio.

Tulikaa hadi giza tukikusanya bati. Kenchi zilikuwa zimepigiliwa misumari juu ya ukuta bila kufungwa. Upepo ukiingia chini ya paa unalisukuma juu, na ule unaopita juu yake unalinyonya. Mjomba alitoa waya mnene wa kwenye gari, na mumewe aliporudi tulimwonyesha namna ya kuupitisha ukutani na kuukaza kila kenchi. Misumari tulinunua kesho yake Chimala.

Msimu uliofuata, asubuhi moja ya Novemba, simu yangu iliita nikiwa juu ya mnara.

"Mwanangu, upepo umegeuka. Moshi unalalia mashariki."

"Mawingu yamekaaje, mama?"

"Yamepanga mstari. Moja limeshaanza kuwa jeusi kitako. Wewe panda, mimi naita watoto."

Nilishuka mnara nikampigia mjomba.