Jinsi nilivyopanga maktaba yangu ya sampuli

Maktaba yangu ya sampuli, yaani sauti fupi zilizorekodiwa za kutungia muziki, ilikuwa imekua hadi kutafuta kiki moja (pigo la ngoma kubwa ya chini) kulichukua muda mrefu kuliko kutunga melodi. Kila pakiti niliyowahi kupakua ilikaa kwenye folda yenye jina la aliyeitengeneza, na ndani yake kuna kiki zake, snea zake (ngoma yenye mlio mkali) na lupu zake (vipande vya muziki vinavyojirudia). Hivyo kiki zilikuwa zimetawanyika kila kona ya diski. Nikiwa katikati ya wimbo sijiulizi kiki hii ilitengenezwa na nani. Najiuliza kama ni nzito, kama ni kavu, kama mkia wake ni mfupi kiasi cha kuipisha besi. Nikaamua maktaba nzima ipangwe kwa maswali ambayo sikio linauliza wakati wa kazi.

Kabla ya kuhamisha faili hata moja, nilizilinda kwanza kazi za zamani, yaani faili za nyimbo nilizotengeneza kwenye programu ya muziki. Programu nyingi za muziki haziweki sauti ndani ya kazi yenyewe. Zinakumbuka tu njia ya kufikia faili. Ukihamisha faili, kazi inafunguka ikiwa bubu. Kwa hiyo kila kazi niliyotaka kuihifadhi niliifungua na kuiamuru ikusanye sauti zake zote kwenye folda yake. Ableton Live ina amri ya Collect All and Save, FL Studio inaweza kutoa kazi nzima na sauti zake kama faili moja la zip, na Reaper ina chaguo la kunakili sauti zote kwenye folda ya kazi unapoihifadhi upya. Kuna jambo moja la kulielewa hapa: amri hizi hukusanya faili za sauti zilizowekwa moja kwa moja kwenye kazi. Piano inayopigwa ndani ya sampla kama Kontakt, programu inayopiga ala kwa kutumia rekodi zake, haikusanywi. Kwa ala za namna hiyo, sehemu zilizokamilika nilizirekodi kuwa sauti ya kawaida na kuihifadhi hapo hapo pamoja na kazi.

Baada ya hapo niligawa maktaba sehemu mbili, na naamini mgawanyo huu ndio uliobeba kazi yote. Upande mmoja ni sampuli huru: kiki moja, pigo la makofi, lupu ya gitaa, sauti ya mvua. Upande wa pili ni ala zilizosampuliwa, yaani piano, okestra na ngoma kamili, ambako noti moja inaweza kuwa na rekodi nyingi kwa nguvu tofauti za mguso. Sampuli huru unaweza kuzibadilisha jina na kuzihamisha utakavyo. Ala haziguswi ndani. Faili la nki la Kontakt ni ramani inayosema noti ipi inachukua rekodi ipi na rekodi hiyo iko wapi. Faili la sfz, aina nyingine ya ramani kama hiyo, ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma kwa programu yoyote ya maandishi, na ndani yake utaona njia za kufikia rekodi zimeandikwa waziwazi. Ukibadilisha jina la folda moja ndogo, ramani inapotea. Ala zote nilizihamisha zikiwa folda nzima, kila moja kama mtengenezaji alivyoifunga, na zile ambazo Kontakt ilishindwa kuona rekodi zake nilizielekeza mahali papya kisha nikatumia Batch Re-save ili zikumbuke.

Diski nazo nilizigawa kwa mantiki hiyo hiyo. Sampla ikipakia ala kubwa haiingizi rekodi zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Inachukua mwanzo wa kila rekodi, na sehemu iliyobaki inavutwa kutoka kwenye diski wakati noti bado inalia. Ukishika kodi nene ya nyuzi, yaani noti nyingi kwa pamoja, diski inaombwa vipande vingi kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Diski ya kuzunguka lazima isogeze kichwa chake kwenda kila kipande, na hapo ndipo mikwaruzo na kukatika kwa sauti kunapoanzia. SSD, diski ya kielektroniki isiyozunguka, haina kitu cha kusogeza. Ala zikaenda kwenye SSD, sampuli huru zikabaki kwenye diski ya kuzunguka, kwa sababu kiki ya nusu sekunde inaingia yote kwenye kumbukumbu mara moja.

Kwenye Windows diski ya nje hupewa herufi kulingana na zilizo wazi. Leo ni E, kesho ni F, na kazi zako zote zinatafuta sauti mahali pasipokuwepo. Mimi niliipa yangu herufi S kupitia Disk Management na haijabadilika tena. Kwenye Mac njia hufuata jina la diski, kwa hiyo ni jina ndilo lisiloguswa. Diski inayotembea kati ya Windows na Mac niliipangilia kwa exFAT, ambayo pande zote mbili zinaisoma na kuiandika.

Sasa majina. Folda kuu za sampuli huru ni chache: Ngoma, Besi, Melodi, Sauti za Watu, Mazingira, na Rekodi Zangu. Ndani ya Ngoma kuna Kiki, Snea, Makofi, Haihati na Pakasheni, na hapo nikaacha kuchimba. Folda ndani ya folda ndani ya folda inakurudisha kwenye shida ya mwanzo, na kwenye Windows programu nyingi bado zinakwama njia ya faili ikizidi herufi 260. Jina la faili ndilo linalobeba maelezo: Kiki_nzito_kavu_F, F ikiwa noti yake. Lupu zinaanza na tempo (mapigo kwa dakika), kisha ufunguo wa muziki (Am ni A minor), kisha ala: 092_Am_gitaa. Ile sifuri ya mbele ina kazi. Bila hiyo, kompyuta inayopanga kwa herufi itaweka 120 kabla ya 92.

Tempo sikuiamini kwa kusoma jina tu. Baadhi ya faili za WAV, pamoja na Apple Loops, zina tempo iliyoandikwa ndani ya faili lenyewe, na programu inaitumia kunyoosha lupu ifuate wimbo. Nyingine hazina, na nyingine zina namba isiyo sahihi. Hesabu yake ni nyepesi: lupu ya baa 4 zenye mapigo manne ina mapigo 16, ikichukua sekunde 10 basi 16 mara 60 gawanya kwa 10 ni 96. Ikichukua sekunde 8, ni 120. Ufunguo niliutafuta kwa kinanda na sikio, na kazi hiyo niliipenda, kwa sababu ilinilazimisha kusikiliza sauti nilizokuwa nimezikusanya bila kuzisikia.

Nakala zinazojirudia niliziacha programu izitafute kwa kulinganisha alama ya hashi ya kila faili, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Hashi ikifanana, faili ni lile lile hata kama majina yanatofautiana. Lakini sauti ile ile iliyohifadhiwa mara moja kwa biti 16 na mara nyingine kwa biti 24 itakuwa na hashi mbili tofauti, na hapo ni sikio tu linaloamua. Zilizotolewa hazikufutwa papo hapo. Zilikaa kwenye folda ya kungojea hadi kazi za zamani zilipofunguka zote zikiwa salama.

Leseni zina folda yake, na hili nalisisitiza kwa kila prodyuza ninayefanya naye kazi. Kila pakiti ina risiti na maandishi ya leseni, na mwisho wa kila jina la faili nimeongeza kifupi cha chanzo. Sauti za Freesound, tovuti ya kushiriki sauti, kwa mfano, huja na masharti tofauti ya leseni za Creative Commons (CC): CC0 unaitumia bila sharti, CC BY inataka umtaje aliyerekodi, na CC BY-NC hairuhusu matumizi ya kibiashara. Hizi za mwisho zinaishi peke yake, nje kabisa ya folda ninazopekua ninapofanya kazi ya kuuzwa.

Folda ninayoifungua zaidi kuliko zote inaitwa Mkononi. SP-1200, mashine ya kusampuli na kupiga ngoma ya kampuni ya E-mu ya mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya takriban sekunde 10 tu za sampuli, kwa biti 12, na watu wakatengeneza nayo hip hop nzito mpaka leo inasikilizwa. Nafasi finyu iliwalazimisha kuchagua. Nami nikachagua ngoma na sauti chache ninazozijua kwa moyo, nikaziweka hapo, na nyimbo zangu nyingi sasa zinaanzia humo kabla sijagusa kitu kingine.

Nakala za akiba ziko mbili, moja ikikaa mbali na nyumba. Ala za kununua naweza kuzipakua upya. Rekodi Zangu siwezi, kwa hiyo hizo ndizo zinazonakiliwa kwanza. Saa nzima ya rekodi ya stirio kwa biti 24 na 44.1 kHz haifiki hata gigabaiti 1, basi hakuna sababu ya kubana.

Pakiti mpya zinaingia kupitia folda ya Mapokezi. Nazisikiliza zikiwa humo, nazipa majina zile ninazoziona zikitumika kwenye wimbo, na zilizobaki zinabaki kwenye zip yake kwenye diski ya akiba.