Zigbee kwenye Raspberry Pi 4: taa zinapopotea hewani

Kidude cha USB cha Zigbee (redio inayounganisha taa na vifaa vya nyumbani) kikigoma kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, usikimbilie kusakinisha programu upya. Kichomoe, kichomeke tena, kisha andika kwenye terminal (dirisha la amri) `dmesg | tail` (ongeza sudo ukikataliwa). Ukiona ttyUSB0 au ttyACM0, mashine imekitambua. Lakini usiliweke jina hilo kwenye mipangilio ya programu ya Zigbee, maana ukiwasha upya linaweza kugeuka ttyUSB1. Andika `ls /dev/serial/by-id/` na unakili njia nzima, hiyo haihamihami. Ukinyimwa ruhusa ya kukitumia kidude, andika `sudo usermod -aG dialout $USER`, toka, uingie tena.

Programu inafunguka vizuri ila taa zinakatika katika? Hapo ndipo watu huteseka bure. Matundu ya bluu, yaani USB 3.0, hutoa kelele ya redio kwenye 2.4 GHz, masafa yale yale ya Zigbee. Diski ya SSD iliyochomekwa kando huzidisha. Hamishia kidude kwenye tundu jeusi (USB 2.0), tena kwa waya wa kurefusha wa USB 2.0 wa mita 1 au zaidi, mbali na ruta. Kwangu mimi waya huo ni wa lazima, si nyongeza. Wi-Fi ikiwa chaneli 1, Zigbee iweke 25, ila baadhi ya vifaa huenda ukaviunganisha upya.