Faibroidi na hizi seli zilizozeeka

Wadada wa Dodoma hebu tuongee hii kitu, maana huku kwetu mwanamke akivimba tumbo wanasema karogwa au anaficha mimba, inaniuma sana jamani. Kumbe inaweza kuwa faibroidi, ule uvimbe unaoota kwenye kizazi. Sio saratani, na kule Marekani zaidi ya 80% ya wanawake weusi wanakuwa nazo wakifika miaka 50. Sasa watafiti wanaziangalia seli zilizozeeka ndani ya ule uvimbe, yaani seli imeacha kugawanyika ila haifi, inabaki palepale inamwaga kemikali zinazochokoza seli jirani na kuchangia ule ugumu kama kovu. Dawa za kuziua hizo zinajaribiwa maabara, na mimi natamani zifike, maana wengi wanaogopa kutolewa kizazi ili uvimbe uishe. Kwa sasa ukitoka hedhi mabonge mabonge, kapige ultrasaundi mapema.